Tanzia ya kitabu imetangazwa mara nyingi mno

Mwaka 2014 nilitenda kosa darasani ambalo hadi leo nikilikumbuka hutazama chini. Gazeti moja la humu nchini lilikuwa limedondoa habari kutoka The Guardian la Uingereza, iliyosema kwamba wasomaji wa Kindle, kile kifaa cha kielektroniki cha kusomea vitabu, hawalishiki wanalolisoma sawasawa na wasomaji wa kitabu cha karatasi. Nami ni mpenzi wa karatasi tangu utotoni. Niliikata habari ile kwa makasi, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo wa Kidato cha Tatu, kisha nikatoa mawaidha ya dakika ishirini juu ya ubora wa kitabu cha kushikwa mkononi. Nilinena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyapima mambo. Nilisema sayansi imekwisha kukata shauri.

Nilipomaliza, kijana mmoja aliyezoea kukaa nyuma akainua mkono. "Samahani, mwalimu," akasema, "hao waliopimwa walikuwa wangapi?"

Sikujua. Nilimwambia kwamba hilo halikuwa swali la maana, tukaendelea na somo la ngeli. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, na lilikataa kutoka mpaka nilipolitafutia jibu.

Waliopimwa walikuwa 50. Mtafiti Anne Mangen wa Chuo Kikuu cha Stavanger nchini Norway, pamoja na wenzake, aliwapa hadithi fupi moja ya Elizabeth George. Nusu yao waliisoma katika kitabu cha karatasi na nusu katika Kindle. Kwa maswali mengi waliyoulizwa, makundi hayo mawili yalikuwa sawa. Tofauti ilijitokeza pale walipotakiwa kupanga matukio 14 ya hadithi kwa utaratibu wa kutokea kwake. Hapo wasomaji wa karatasi wakawashinda wenzao. Isitoshe, kati ya wale waliopewa Kindle ni wawili tu waliokuwa wamekizoea kifaa chenyewe. Mtafiti hakuyaficha haya, na hata habari ya gazeti, mtu akiisoma hadi chini, ilikuwa na sehemu kubwa ya maelezo hayo. Kichwa cha habari ndicho kilichokwisha kutoa hukumu, nami, mwalimu wa ufahamu, nilikuwa nimefundisha kichwa cha habari.

Nimelianza jambo hili kwa kujisuta kwa sababu ninakusudia kuwalaumu wanahabari, na haifai mtu kumnyoshea mwenziwe kidole huku akijificha nyuma ya mlango. Kwa muda wa karibu miaka 20 magazeti na vituo vya utangazaji vimekuwa vikituimbia nyimbo mbili juu ya kitabu. Wimbo wa kwanza ni wa tanzia: kitabu cha karatasi kimekata roho, na mrithi wake ni kidude cha kioo. Wimbo wa pili ni wa ufufuo: kitabu kimerudi kutoka kaburini, na kidude kimeshindwa. Nyimbo hizi hupokezana kila baada ya miaka michache, na nadra utamsikia mwimbaji akiuliza kama marehemu aliwahi hata kuugua.

Wimbo wa tanzia ulianza kwa kishindo Novemba 2007, kampuni ya Amazon ilipoizindua Kindle kwa bei ya dola 399. Jarida la Newsweek lilimweka Jeff Bezos, mwenye kampuni hiyo, kwenye jalada lake na kutangaza kwamba huo ndio mustakabali wa usomaji. Julai 2010 Amazon ikatoa taarifa kwamba katika miezi mitatu iliyotangulia, kwa kila vitabu 100 vya jalada gumu ilivyouza, iliuza vitabu 143 vya Kindle. Mei 2011 ikasema kwamba vitabu vya Kindle vilikuwa 105 kwa kila vitabu 100 vya karatasi vya kila aina. Habari hizo zilienea duniani kote kama moto wa kiangazi. Walakini zilikuwa takwimu za duka moja, zilizotolewa na mwenye duka, naye ndiye mwuzaji wa kifaa kinachosifiwa. Kampuni haikusema imeuza vitabu vingapi kwa jumla, wala vifaa vingapi. Ni kana kwamba mwenye matatu ametangaza kwamba watu wa mjini hawatembei tena kwa miguu, kwa kuwa ndani ya gari lake hajamwona hata mmoja anayetembea.

Mwaka huo huo wa 2011 maduka ya vitabu ya Borders yalifilisika huko Marekani, na msiba huo nao ukasukumwa haraka kwenye mlango wa vifaa vya kielektroniki. Ni kweli vilichangia. Lakini Borders ilikuwa imelemewa na madeni, na mwaka 2001 ilikuwa imeikabidhi Amazon hiyo hiyo kazi ya kuuza vitabu vyake mtandaoni. Mtu aliyempa jirani ufunguo wa ghala hastahili kusemwa kwamba ameuawa na maendeleo.

Kisha upepo ukageuka. Septemba 2015 The New York Times liliandika kwamba mauzo ya vitabu vya kielektroniki yamepungua kwa asilimia 10 katika miezi mitano ya kwanza ya mwaka, na kwamba karatasi ingali hai. Hesabu hiyo ilitoka kwa chama cha wachapishaji wa Marekani, nayo ilikuwa sahihi kwa wale iliowahesabu, yaani wachapishaji karibu 1,200. Haikuwahesabu waandishi wanaojichapishia vitabu vyao wenyewe na kuviuza kwa bei nafuu katika Kindle. Fauka ya hayo, wachapishaji wakubwa walikuwa wamekwisha kujirudishia mamlaka ya kupanga bei, wakapandisha bei ya vitabu vyao vya kielektroniki. Bei ya kitu ikipanda, wanunuzi hupungua. Hata mtoto anayetumwa sukari dukani analijua hilo. Lakini huko Uingereza, mauzo ya vitabu hivyo kwa wasomaji wa kawaida yalipoanguka kwa asilimia 17 mwaka 2016, tulielezwa kwamba watu wamechoshwa na vioo. Uchovu wa macho huvutia zaidi katika kichwa cha habari kuliko bei.

Kuna jambo jingine ambalo wanahabari hulichanganya, nalo linatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Wao husema "kioo" kana kwamba vioo vyote ni kimoja. Desemba 2014 kulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya usomaji wa usiku, na vyombo vya habari vikatangaza kwamba vitabu vya kielektroniki vinaharibu usingizi na afya. Watu waliochunguzwa walikuwa 12. Walisoma kwa saa nne kabla ya kulala, jioni tano mfululizo, wakitumia iPad iliyowashwa mwanga wake wote, na kwa wastani walichelewa kupata usingizi kwa dakika kama 10. Sasa, iPad ni taa inayomulika usoni. Kindle ya kwanza haikuwa na mwanga wake yenyewe hata kidogo: ukurasa wake hutumia wino wa kielektroniki, na gizani usingeweza kuusoma bila taa, kama vile usivyoweza kusoma karatasi. Watafiti wenyewe walichangia fujo hiyo kwa kukiita chombo chao kwa jina pana, lakini kazi ya mwandishi wa habari ni kuuliza: ni kifaa gani hasa, mliwapa watu wangapi, kwa muda gani?

Kwa nini hawaulizi? Nadhani sababu moja ni kwamba mgombana na mgombani huuza gazeti. Habari ya vitu viwili vinavyoishi pamoja chini ya paa moja haina mvuto. Sababu nyingine ni ya ndani zaidi. Gazeti nalo ni karatasi. Mhariri anapoandika juu ya kifo cha kitabu anajiandikia tanzia yake mwenyewe, na anapoandika juu ya ufufuo wake anajiombea. Simlaumu kwa kuogopa, maana nimeona jinsi kibanda cha magazeti karibu na kituo chetu cha basi kilivyopunguza idadi ya nakala. Hata hivyo, hofu ya mwandishi si habari.

Msomaji anaweza kuniuliza, je, haya yana madhara gani? Wanahabari waimbe, sisi tutafundisha. Nami namjibu kwa kisa nilichokishuhudia.

Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, mkutano mkuu wa wazazi uliitishwa mwaka 2012 kujadili fedha za maktaba. Zilikuwa fedha kidogo zilizochangwa kwa shida, na orodha ya vitabu tulivyovihitaji ilikuwa tayari: kamusi, riwaya, tamthilia, vitabu vya ziada vya sayansi. Mzazi mmoja aliyeheshimika akasimama na gazeti mkononi. "Mwalimu mkuu, pamoja na wazazi wenzangu," akaanza, "dunia imekwisha kuacha vitabu hivi. Je, tutawanunulia watoto wetu maiti?" Watu walicheka, wakapiga makofi. Hakuna aliyekuwa na takwimu za kumpinga, maana yeye ndiye aliyekuwa na gazeti. Orodha yetu ikawekwa kando, na fedha zikanunua vifaa 15 vya kusomea.

Vilikuwa vifaa vizuri, sisemi uongo. Chaji yake ilidumu kwa majuma. Ndani yake tulitia vitabu ambavyo maktaba yetu haingeweza kuvinunua kwa miaka kumi. Lakini shule ilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia tatu, na vifaa 15 haviwezi kugawanywa kurasa kwa kurasa kama kitabu kilichoraruka. Vilifungiwa kabatini ili visiibwe, na ufunguo ukawa kwa naibu wa mwalimu mkuu, ambaye aghalabu alikuwa safarini. Katika mwaka wa kwanza vinne vilipasuka vioo. Hatukuwa na fundi wala fedha za kununua vingine, na kwa miaka minne maktaba haikupata hata kamusi moja mpya.

Lau kisa kingeishia hapo, ningekuwa nimewapa wapenzi wa karatasi furaha. Hakikuishia hapo. Miongoni mwa wanafunzi alikuwako msichana ambaye macho yake yalikuwa dhaifu sana. Kitabu cha kawaida alikishika karibu kabisa na pua, na baada ya kurasa mbili kichwa kilimwuma. Siku alipopewa kimoja cha vifaa vile akagundua kwamba anaweza kuzikuza herufi mpaka ukurasa ubakiwe na maneno machache tu. Katika muhula mmoja alimaliza riwaya nne. Alikuwa hajawahi kumaliza hata moja.

Mwaka 2016 ukafika mkutano mwingine, na mzazi mwingine akasimama na gazeti jingine. Safari hii habari ilikuwa kwamba hata Wazungu wamevitupa vidude hivyo na kurudi kwenye vitabu. Makofi yakapigwa tena, na nadhani ni mikono ile ile. Ikaamuliwa vifaa vilivyobaki virudishwe stoo. Nilijaribu kusema juu ya yule msichana, nikaambiwa kwamba shule haiwezi kuendeshwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kifaa chake kilichukuliwa pamoja na vingine. Alikuwa amebakisha muhula mmoja na nusu afanye mtihani wa kitaifa.

Mikutano yote miwili iliongozwa na watu wema waliowatakia watoto wao heri, na yote miwili ilikosea, kwa kuwa ilipewa swali bovu. Swali lilikuwa: karatasi au kioo? Lilipasa kuwa: ni mtoto yupi, anasoma nini, na kwa madhumuni gani?

Na swali hilo la pili lina majibu kwa anayetaka kuyatafuta. Mwaka 2018 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliona kwamba karatasi ina ubora kidogo juu ya kioo, na kwamba ubora huo hujitokeza hasa pale msomaji anapobanwa na muda na pale anaposoma maandishi ya kutoa maarifa. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Mwalimu mwenzangu, hebu itazame hiyo kwa jicho la kazi yako. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa historia au bayolojia, huku saa ikienda mbio, afadhali awe na karatasi na kalamu. Anayesoma riwaya jioni kwa raha yake, mwachie asome katika chochote alicho nacho. Hayo ni maarifa ya kufanyia kazi Jumatatu asubuhi.

Liko suala jingine ambalo hupita magazetini kama kichekesho tu, hali lilistahili ukurasa mzima. Julai 2009 watu huko Marekani waliokuwa wamenunua Animal Farm na 1984 za George Orwell katika Kindle waliamka wakakuta vitabu hivyo vimetoweka. Aliyeviuza hakuwa na haki ya kuvichapisha, basi Amazon ikavifuta kutoka mbali na kuwarudishia wanunuzi fedha zao. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alipoteza maana ya maelezo yote aliyokuwa ameyaandika kwa ajili ya kazi ya shule, maana kurasa alizozitaja hazikuwapo tena. Bezos aliomba radhi. Wanahabari walistarehe na kinaya kwamba ni Orwell aliyefutwa, wakacheka, wakaenda zao. Jambo lenyewe likabaki: katika vitabu vya aina hiyo, aghalabu ununuacho ni ruhusa ya kusoma, nacho kitabu hukimiliki. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ambayo wasomaji walikuwa wakiitumia kupakua vitabu vyao kwenye tarakilishi na kuvihifadhi wenyewe. Sikumbuki gazeti letu lolote likiwaeleza walimu maana yake.

Maana yake ninaishika mkononi ninapoandika haya. Nina nakala ya Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu hicho hicho cha Orwell, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Ndani ya jalada mna majina matatu kwa wino wa rangi tatu, na muhuri wa shule ambayo siijui. Sijui ilinifikiaje. Wanafunzi wengi wa nchi hii wamesomea vitabu vya namna hiyo, vilivyotoka kwa kaka kwenda kwa dada, kisha kwa binamu, hata jalada likashonwa kwa uzi. Familia inayonunua kitabu cha kielektroniki kwa mtoto wa kwanza itamrithisha nini mtoto wa nne? Jibu linategemea masharti ya mwuzaji, na shule au mzazi ana haki ya kuyajua masharti hayo kabla ya kutoa shilingi yake.

Sisi Wakenya tumekwisha kulipa ada ya somo hili kwa kiwango cha taifa. Mwaka 2013 tuliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa Darasa la Kwanza. Zabuni ikazua kesi, mpango ukabadilika, na kuanzia mwaka 2016 zaidi ya vishikwambi milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi zaidi ya 21,000. Kurasa za mbele zilijaa picha za viongozi wakiinama kumkabidhi mtoto kifaa. Mwaka 2018 serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, picha zilikuwa zile zile, tofauti ni kilichokuwa mkononi. Kodi ya asilimia 16 iliyotwikwa vitabu na sheria ya mwaka 2013 haikuwahi kupigwa picha namna hiyo, ijapokuwa ndiyo iliyomgusa kila mzazi aliyeingia duka la vitabu.

Mfano wa kuripoti vyema upo, na haukutoka kwa wanahabari. Shirika la Worldreader lilipeleka vifaa vya kusomea katika shule za Ghana kuanzia mwaka 2010, na tathmini ya jaribio hilo ilieleza yote mawili bila kupepesa: wanafunzi wa shule za msingi waliboreka katika usomaji, na takriban vifaa vinne katika kila kumi viliharibika. Mzazi aliyesikia habari hizo mbili kwa pamoja angeuliza swali la maana katika mkutano wetu wa 2012. Angeuliza nani atatengeneza.

Kwa hiyo ninalo ombi moja kwa wahariri, na si zito. Siku mtakapochapisha tena picha ya mkubwa akimkabidhi mtoto kitabu au kishikwambi, andikeni jina la shule na tarehe katika kitabu chenu cha miadi. Baada ya miezi 12 mrudisheni mpiga picha yule yule katika darasa lile lile. Amwulize mwalimu ni vingapi vingali vinafanya kazi, ni nani anayeshika ufunguo wa kabati, na ni mtoto yupi aliyesoma kitu ambacho hapo awali hakuweza kukisoma. Kisha ichapisheni picha hiyo mahali pale pale ilipokuwa ya kwanza, kwa ukubwa ule ule.